OMBI LA ASKARI LISILALE MEZANI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo walisema wahenga wetu, na hapana mahali ambapo msemo huo umepata kuheshimiwa kama katika jeshi na polisi. Tangu siku ile kurutu anapoingia kambini hukutana na karatasi. Hupewa buti kwa karatasi, blanketi kwa karatasi, bunduki kwa karatasi, na siku atakapostaafu atarudisha kila kitu kwa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wa Serikali, na ndiyo pia shahidi wa askari mwenyewe.

Leo twapenda kuzungumza na maofisa na askari wa vyeo vyote juu ya karatasi moja tu, nayo ni fomu ya maombi, ile ambayo kikosi huijaza ili kiletewe kitu kilichopungua. Katika majeshi mengi ya ulimwengu fomu hiyo inaondolewa, na mahali pake panaingia mashine ndogo ya mkononi, yenye kioo, betri na kumbukumbu ya umeme. Wapo wanaolishangilia jambo hili kana kwamba ni mwisho wa shida zote. Wapo pia wanaonung'unika, wakisema ya kwamba ni mchezo wa vijana. Sisi twaona yafaa lipimwe kwa utulivu, kwa kuwa jambo hili halihusu karani na meza yake tu. Lahusu uhai wa askari na heshima ya sare aliyoivaa.

Hebu tuifuate fomu hiyo katika safari yake. Platuni imekaa juu ya kilima katika msimu wa mvua. Koplo anaona ya kwamba askari wanane buti zao zimekwisha. Anamwarifu sajini, naye sajini anaandika majina na saizi katika kipande cha karatasi. Karani wa kombania anavinakili vitu hivyo katika fomu yenye nakala tatu, akibonyeza kalamu kwa nguvu ili kaboni ishike. Kamanda wa kombania anatia sahihi atakaporudi kutoka doria. Fomu inapanda lori la mgawo, inafika batalioni, inaingia katika trei, inatoka, inanakiliwa upya, inapelekwa bohari kuu. Kila mkono unaoinakili waweza kukosea. Nane inaonekana kama tatu. Saizi tisa inageuka saizi saba. Nakala ya tatu ya kaboni haisomeki kabisa. Na katika safari yote hiyo hakuna mtu hata mmoja, kuanzia koplo hadi kamanda, awezaye kusema kwa hakika fomu iko wapi wakati huu.

Sisi wenyewe tuliwahi kushuhudia, katika bohari moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, fomu ya askari mmoja ikitumika kama kisahani cha kikombe cha chai. Tarehe yake ilikuwa ya majuma sita nyuma. Mtunza bohari hakuwa mwizi wala mvivu. Alikuwa mzee mwenye adabu, na mbele yake palikuwa na rundo la karatasi lililofika kidevuni. Buti zilizoombwa zilikuwa rafuni, nyuma ya mgongo wake, hatua nne tu. Na askari mwenyewe alikuwa akilinda zamu yake ya usiku huku soli ya buti lake la kulia imefungwa kwa waya. Kijana huyo hakukosa buti kwa sababu taifa halikuweza kumnunulia. Taifa lilikuwa limekwisha kumnunulia. Alikosa kwa sababu ombi lake lililala mezani.

Asidhani mtu ya kwamba ugonjwa huu ni wa nchi maskini peke yake. Katika majira ya baridi ya mwaka 1854 jeshi la Uingereza lilikuwa limeuzingira mji wa Sevastopol katika rasi ya Crimea. Meli zake zilitia nanga katika bandari ya Balaklava, maili chache tu kutoka kwenye mahandaki. Mwezi wa Desemba yalishushwa hapo maji ya ndimu yapatayo ratili 20,000, na kila tabibu wa siku zile alijua ya kwamba maji ya ndimu huzuia kiseyeye. Wakati ule ule askari katika mahandaki walikuwa wakiugua kiseyeye, fizi zikitoka damu na miguu ikishindwa kuwabeba. Hata hivyo maji hayo hayakugawiwa mpaka mwezi wa Februari 1855, kwa kuwa hapakuwa na amri iliyoandikwa ya kuyatia katika mgawo wa kila siku. Dawa ilikuwapo na mgonjwa alikuwapo, na kati yao hapakuwa na kizuizi ila karatasi ambayo hakuna aliyeona ni kazi yake kuiandika. Mateso ya jeshi hilo yaliwakasirisha raia wa Uingereza hata Serikali yao ikawatuma Sir John McNeill na Kanali Alexander Tulloch kwenda kuchunguza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hatuna budi kukumbuka vita vya 1914 hadi 1918. Majeshi yaliyopigana katika nchi hizi yalilishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi, uchovu na chakula kibaya, wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam na lile la Kariokor la Nairobi ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi. Kila askari anapopita katika masoko hayo na akumbuke ya kwamba uchukuzi wa mgawo ni vita kamili, nayo ina mashujaa wake na makaburi yake.

Na kama mtu atasema hayo ni mambo ya kale, basi tumrudishe karibu zaidi. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa katika jukumu la kulinda amani nchini Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na baadaye wakaungana nao wenzao wa Burundi. Kuanzia mwaka 2009 askari zaidi ya 200 mjini Mogadishu walivimba miguu na kupungukiwa pumzi, na wanne wakafariki dunia. Wengine walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Nairobi na Kampala. Wataalamu walipochunguza waligundua ya kwamba ni beriberi, ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini B1 katika chakula, na vidonge vya vitamini hiyo vikawaponya waliobaki. Hatusemi ya kwamba fomu ndiyo iliyoleta maradhi hayo. Twasema tu ya kwamba orodha ya chakula cha askari yaweza kuua au kuponya kama vile orodha ya risasi. Yule anayeijaza, anayeipokea na anayeipitisha ameshika roho ya mtu mkononi.

Sasa na tuangalie jinsi mashine zilivyoingia. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani, pakiti ya chingamu ilipitishwa juu ya mwanga, na mashine ikasoma bei yake kutoka katika mistari myeusi na myeupe iliyochapwa juu yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa alama ile ya dukani kutumiwa katika mauzo. Miaka saba baadaye, mwaka 1981, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliamua ya kwamba bidhaa zote inazouziwa ziwekewe alama za mistari ya namna hiyo. Alama iliyoanzia kwenye chingamu ikahamia kwenye sanduku la vipuri vya kifaru.

Lakini kuwa na alama siyo kuwa na utaratibu. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, Wamarekani walipeleka Saudi Arabia makontena yapatayo 40,000. Zaidi ya nusu ya hayo ilibidi yafunguliwe moja moja juani ili kujua kilichomo ndani, kwa kuwa karatasi zake zilipotea au hazikueleza vya kutosha. Wenyewe waliyapa marundo hayo jina la milima ya chuma. Na palikuwa na ubaya mwingine, ambao kila mtunza bohari ataufahamu mara moja. Kikosi kilichoomba kipuri na kisione jibu kiliomba mara ya pili, kisha mara ya tatu. Ombi moja lilizaa matatu, foleni ikarefuka, na kikosi kilichokuwa na shida ya kweli kikajikuta nyuma ya maombi hewa ya kikosi kilichokuwa na wasiwasi. Twaomba maofisa waliangalie jambo hilo kwa makini. Askari asiyepata jibu hupoteza imani, na asiye na imani na bohari huficha vitu chini ya kitanda chake. Basi upungufu unaongezeka ingawa mali ipo.

Baada ya vita hivyo wakaanza kubandika juu ya makontena vibandiko vinavyotoa ishara ya redio, ambavyo mashine huweza kuvisoma bila kufungua mlango. Mwaka 2002 kamandi yao inayohusika na Mashariki ya Kati iliagiza ya kwamba shehena zote zinazoelekea huko zibandikwe ishara hizo kila inapowezekana. Na askari katika bohari akapewa mashine ya mkononi.

Mashine hiyo inafanya nini hasa? Kwa maneno mepesi, inaandika mara moja kile ambacho fomu iliandikwa mara tano. Koplo anachagua kitu katika orodha, au anaisomesha alama iliyo juu ya sanduku. Kitu hicho kina nambari yake. Katika majeshi ya NATO, kwa mfano, kila aina ya kifaa ina nambari ya tarakimu 13, hata aina moja ya bolti ya gari haiwezi kufananishwa na nyingine. Ombi linapopelekwa, mashine hutia yenyewe tarehe, saa na jina la aliyeomba. Kamanda akiidhinisha, saa yake nayo inaandikwa. Bohari ikitoa, hesabu ya rafu inapungua papo hapo. Askari akipokea, anathibitisha mwenyewe. Kwa hiyo siku kamanda atakapouliza, "Ombi la Platuni ya Pili limefika wapi?" hatajibiwa tena, "Afande, tunalifuatilia." Ataonyeshwa ya kwamba lilikaa kwa fulani tangu Jumanne saa nne asubuhi.

Na mtu asitwambie ya kwamba askari wetu hawataziweza mashine hizi. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na huduma za namna hiyo zikaenea katika nchi zote za jirani. Leo askari aliye porini hutuma karo ya mtoto nyumbani kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mama mzazi asiyejua kusoma hupokea fedha hizo, akakagua salio, na wote wawili wakabaki na ujumbe wenye tarehe na saa. Ikiwa bibi kijijini anaweza kuthibitisha amepokea shilingi elfu kumi, kwa nini sajini wa jeshi asiweze kuthibitisha amepokea masanduku kumi? Watu wetu wanaweza. Tulichokosa ni utaratibu.

Ndugu zetu wa polisi nao jambo hili lawahusu sana. Katika Tanzania, askari wa usalama barabarani hutumia mashine za mkononi kuandika makosa ya madereva, na dereva hupewa nambari ya malipo ambayo hulipia Serikalini. Fedha haipiti tena katika kiganja cha askari. Tunajua ya kwamba wapo walioona mashine hiyo kama adui. Lakini askari mwaminifu aliyekuwa akisingiziwa kila siku kwamba amekula faini sasa anaye shahidi asiyehongwa. Ndivyo ilivyo pia kwa vielelezo vya kesi, kwa mafuta ya gari la doria, na kwa risasi zilizotolewa ghalani usiku wa manane. Mahali ambapo karatasi hupotea, mtu mwema huchafuka pamoja na mwovu.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli tu, na nusu ya ukweli ni hatari kwa askari. Yapo mambo manne ambayo hatuna budi kuyasema waziwazi.

Jambo la kwanza ni mawasiliano. Wamarekani hao hao walioweka vibandiko waliingia Iraki mwezi wa Machi 2003 na mashine zao zote. Vikosi vilikwenda mbio kuelekea Baghdad, na nyuma yao njia za mawasiliano hazikutosha kuyapeleka maombi, wala malori hayakutosha kuzileta shehena. Mwezi wa Desemba mwaka ule wakaguzi wa hesabu wa Bunge lao walieleza ya kwamba palikuwa na tofauti ya dola bilioni 1.2 kati ya shehena iliyoandikwa kuwa imepelekwa kwa vikosi vya jeshi la nchi kavu na ile ambayo vikosi vilikiri kuipokea. Tajiri wa ulimwengu, mwenye mashine kuliko wote, hakujua mali hiyo yote iko wapi. Funzo lake ni dhahiri. Mashine isiyoweza kusema na bohari ni karatasi ya bei ghali. Kabla ya kununua mashine elfu, na tuulize kwanza mtandao unafika wapi, na mahali usipofika, mashine itahifadhije maombi mpaka ifike.

Jambo la pili ni umeme. Tarehe 4 Machi 2013, jirani zetu wa Kenya walipopiga kura, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilishindwa kufanya kazi katika vituo vingi, vingine kwa kuishiwa betri mahali pasipo na umeme, na makarani wakarudi kwenye daftari lililochapwa. Askari waliosimamia usalama siku ile wanakumbuka foleni zile. Uchaguzi uliweza kuendelea kwa sababu daftari la karatasi lilikuwapo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kila kikosi kitakachopewa mashine na kibaki na kitabu cha fomu katika sanduku lisiloingia maji, na askari wajifunze kukitumia, na wafanyiwe mazoezi ya siku ambayo mashine zimekufa. Askari asiyeweza kuomba risasi ila kwa betri amemkabidhi adui silaha mpya, nayo ni giza.

Jambo la tatu ni siri. Karatasi ikipotea hupotea moja. Mashine ikipotea hupotea na kila kitu kilichomo ndani yake. Mwezi wa Agosti 2021, serikali ya Kabul ilipoanguka, iliripotiwa ya kwamba vifaa vya mkononi vya Wamarekani vya kuchukulia alama za vidole na picha za macho viliangukia mikononi mwa Taliban. Mwaka 2022 watafiti wa Ujerumani walinunua katika mnada wa intaneti, kwa dola 68 tu, kifaa cha namna hiyo kilichokuwa kimetumika Afghanistan. Ndani yake walikuta majina, picha na alama za vidole za watu 2,632. Wengine katika orodha hiyo walikuwa watu waliofanya kazi na Wamarekani. Hebu fikirini maisha ya watu hao yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya mbuzi.

Na siyo kupotea tu. Mwezi wa Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya dunia inayoonyesha njia wanazokimbia watu wanaotumia programu yake ya mazoezi katika saa na simu zao. Mwezi wa Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akatambua ya kwamba ramani hiyo ilichora pia kambi za kijeshi katika majangwa, pamoja na njia za doria, kwa kuwa askari walikimbia asubuhi wakiwa wamevaa saa hizo. Hakuna jasusi aliyehitajika. Basi orodha ya maombi yenyewe ni habari ya kijasusi. Mwenye kuona kikosi fulani kimeomba mafuta maradufu, bendeji na betri za redio hahitaji kuambiwa kitakachofuata. Na mwezi wa Septemba 2024 ulimwengu uliona jambo la kutisha zaidi huko Lebanoni, ambako vifaa vya kupokelea ujumbe vya watu wa Hezbollah vililipuka kwa pamoja tarehe 17, na redio za mkononi siku iliyofuata. Makumi ya watu walikufa, watoto wakiwamo, na maelfu wakajeruhiwa. Kila mwenye kununua kifaa kwa ajili ya jeshi au polisi na ajiulize: Nani amekitengeneza? Kimepita mikononi mwa nani? Funguo za siri zake anazo nani? Bei rahisi isimpofushe mtu.

Jambo la nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni uaminifu. Mashine haina dhamiri. Haijui kama buti zimefika au hazikufika. Inajua tu kile ilichoambiwa. Katika siku za karatasi palikuwa na tabia mbaya, nayo bado ipo, ya kumwita askari na kumwambia, "Tia sahihi hapa, vitu vitakuja baadaye." Askari kwa heshima ya cheo hutia sahihi, na vitu haviji. Tabia hiyo ikihamia katika mashine itakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa uongo ulioandikwa kwa umeme hufika Makao Makuu kwa nukta moja, na huko huonekana kama ukweli mtupu. Kamanda atatazama kioo na kuona kikosi chake kimevikwa na kulishwa, na kumbe mlimani vijana wanatetemeka. Halikadhalika mtu anayempa mwenzake nambari yake ya siri ili amthibitishie, ati kwa sababu yeye ana haraka, amempa sahihi yake, jina lake na pengine kifungo chake. Twawakumbusha wote: hakuna anayempa rafiki nambari ya siri ya fedha zake. Basi kwa nini umpe nambari ya risasi za taifa?

Kwa sababu hizo twatoa maoni yetu kama ifuatavyo.

Kwa makamanda, twasema ya kwamba mashine na ianze katika kikosi kimoja, si katika jeshi zima kwa siku moja. Na ijaribiwe katika mvua na vumbi, kwa mikono yenye matope na usiku, wala si katika ukumbi wenye kiyoyozi mbele ya wageni. Na anayeulizwa kwanza kama inafaa awe koplo, si mchuuzi aliyeileta. Tena kamanda asitosheke na kioo. Mara moja kwa mwezi na atoke, aikague platuni iliyo mbali kuliko zote, aangalie miguu ya watu kwa macho yake.

Kwa watunza bohari, tunajua ya kwamba wengi wenu mna hofu. Mmezitunza leja hizo kwa miaka ishirini, na mnaona kijana wa juzi anakuja na kitu cha kioo kuwafundisha kazi. Msihofu. Mashine haijui kwamba hema la msimu uliopita lilivuja, wala haijui ni kikosi kipi huomba mara mbili kwa uchoyo na ni kipi huomba mara moja kwa aibu. Ninyi mnajua. Kazi ya mashine ni kuwaondolea rundo lililofika kidevuni, ili mpate nafasi ya kugeuka na kutazama rafu iliyo nyuma yenu. Lakini atakayeikataa kwa sababu mwanga wake utaonyesha yale yaliyofichika gizani, huyo hatuna neno la kumfariji.

Kwa askari wa kawaida na makonstebo, twasema hivi. Ombeni mnachohitaji, msiombe mnachotamani. Msithibitishe kitu ambacho hamjakigusa. Ofisa akikwambia utie sahihi kabla ya kupokea, mwambie kwa adabu zote, "Afande, nitatia mara tu nitakapokipokea." Neno hilo si uasi, kwani linamlinda yeye pamoja na wewe. Tena itunzeni mashine kama mnavyoitunza bunduki: isiachwe katika baa, isiazimwe kwa mtu, isichezewe miziki. Ikipotea, toeni taarifa saa hiyo hiyo, ili ifungwe kabla adui hajaifungua. Aibu ya kusema imepotea ni ndogo kuliko damu ya wenzenu.

Na kwa wananchi wanaotusoma ukurasa huu, twawaomba mwelewe ya kwamba buti, mkate na risasi za askari ni kodi yenu. Mna haki ya kutaka zifike zilikokusudiwa, na zisiishie njiani wala kulala katika trei.

Hatujasahau yule kijana wa buti lililofungwa kwa waya. Jioni ile mzee wa bohari alipoinua kikombe chake akaiona fomu, aliisoma, akanyamaza kitambo, kisha akainuka mwenyewe akazitoa buti rafuni na kuzipeleka kwa miguu hadi kwenye kibanda cha zamu. Hakuna mashine iliyomlazimisha. Aliisikia aibu ya mtu mwema aliyegundua ya kwamba mwenzake ameteseka kwa sababu yake. Mashine ya mkononi yaweza kumwonyesha mtunza bohari jina la askari huyo siku ya kwanza badala ya juma la sita, na hilo ni jambo kubwa, nasi twaliunga mkono. Lakini kuinuka kitini na kuzichukua buti rafuni, hilo litabaki kuwa kazi ya binadamu aliyevaa sare.